Mwaka Niliorudia Mtama wa Dokta Yohana

Fidelis alipozinduka baada ya upasuaji wa moyo, neno la kwanza lililomtoka halikuwa jina la mkewe wala la Mungu. Daktari kijana alikuwa amesimama kando ya kitanda akimweleza kwamba mambo yamekwenda vizuri, na kwamba utafiti unaonesha wagonjwa wa aina yake hupona na kuishi miaka mingi. Fidelis, midomo imemkauka, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Utafiti huo ulifanyika kwa watu gani?" Daktari alidhani ni dawa ya usingizi bado inamsumbua. Mimi na Hawa tuliokuwa tumekaa kwenye benchi karibu na dirisha tuliangua kicheko mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha, na katikati ya kicheko hicho nikagundua kwamba machozi yananitoka. Tangu asubuhi nilikuwa nimejikaza. "Huyu mzima," Hawa akasema, anajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Akishaanza kuuliza watu gani, huyu mzima kabisa."

Tulitolewa nje ili mgonjwa apumzike. Hatukutaka kwenda mbali, kwa hiyo tukanunua chai na chapati kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara, tukakaa kwenye ngazi za hospitali kama wanafunzi waliofukuzwa darasani, wanawake wawili wenye mvi na magoti mabovu. Tukajikuta tunaongea habari za mwaka ule mmoja tulioishi watatu nyumba moja, mtaa wa Kikuyu, Dodoma. Nimeishi miaka mingi kabla na baada ya ule, nimefundisha, nimestaafu, lakini mtu akiniuliza ni lini nilijua kazi yangu ni nini hasa, jibu ni mwaka ule. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, nimeajiriwa kama msaidizi katika kituo cha utafiti nje kidogo ya mji. Hawa, Mdigo wa Tanga, alikuwa anasoma historia chuo kikuu na alikuja kukusanya habari za mashamba ya karanga ya Waingereza kule Kongwa kutoka kwa wazee waliokuwa wangali hai. Fidelis alikuwa mtu wa takwimu katika ofisi moja ya serikali. Kilichotukutanisha ni vyumba vitatu vilivyopangana, jiko moja, na ua wenye mzabibu ambao mwenye nyumba alitukataza kuugusa.

Vyumba vile ninaviona hata sasa nikifumba macho. Cha Fidelis kilikuwa na meza, kitanda, na ukuta mzima uliobandikwa karatasi za michoro, mistari inapanda na kushuka. Cha Hawa kilikuwa na mkeka, udi, na redio kaseti kubwa aliyorekodia wazee. Mchana kutwa ungesikia sauti za watu waliozeeka zikitoka mlangoni mwake, zikisimama, zikirudi nyuma, zikirudia maneno yale yale, huku yeye anaandika. Changu kilinuka nafaka, kwa sababu sampuli za mtama nilizihifadhi chini ya kitanda panya wasizifikie. Jumapili mimi nikitoka kanisani tulikula pamoja. Hawa akipata nazi kutoka kwao alipika wali, na siku hiyo majirani walipita mlangoni bila sababu. Nazi zikiisha nilipika mimi ugali wa uwele na mlenda. Mara ya kwanza Hawa aliuangalia mlenda kama mtu anayeangalia mto uliofurika. "Mboga hii haikatiki, Dorkasi," alilalamika. "Nikinyanyua tonge, inanifuata." Kufikia Pasaka alikuwa anaomba aongezewe.

Na tulibishana. Fidelis alisema historia ni umbea uliopigwa chapa. Hawa alijibu kwamba takwimu ni umbea uliohesabiwa. Mimi nilijiona niko juu yao wote wawili, kwani mtama unapandwa, unavunwa, unawekwa kwenye mizani, na nani atabishana na mizani? Nilisema hivyo kwa majivuno ya mtu wa miaka ishirini na kitu, tonge mkononi. Siku hizi nikisikia redioni, au nikitumiwa kwenye simu na wajukuu, "utafiti umeonesha" hiki na kile, ya dawa, ya chakula, ya malezi, ninakumbuka nilivyokuwa nalitamka neno lile, kama kwamba utafiti ni mtu mmoja mkubwa asiyekosea.

Mkuu wangu kazini alikuwa Dokta Yohana, Mgogo wa Kongwa mwenyewe, mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kusafisha miwani yake kila alipotaka muda wa kufikiri. Alikuwa ameitafiti kwa misimu kadhaa mbegu mpya ya mtama mfupi unaokomaa mapema. Katika shamba lake la majaribio kule Kongwa mbegu ile iliuacha mbali mtama wa kienyeji, ule mrefu ambao wenyeji huuita lugugu. Habari zilifika juu. Ikaamuliwa kwamba mvua za mwaka unaofuata vijiji vingi vipewe mbegu mpya na kuhimizwa kuiacha ya zamani. Ilibaki kazi moja ndogo, kuurudia utafiti katika mashamba ya vijiji vingine. "Ni kukamilisha tu," Dokta aliniambia. "Lakini ukikamilisha, kamilisha kweli." Nilifurahi kama mtoto aliyepewa kubeba biblia ya mchungaji. Nilikuwa namheshimu kuliko mtu yeyote ofisini.

Nilipanda mvua zilipoanza, mistari ya mbegu mpya na mistari ya lugugu bega kwa bega, katika viwanja vya wakulima waliokubali. Nilishinda juani, nilipalilia, nilifukuza ndege. Mavuno yalipofika, nilipima. Nikapima tena. Mbegu mpya haikuishinda ya kienyeji. Sehemu chache zilikwenda sawa, na nyingi lugugu lilikuwa mbele. Nilijilaumu kwanza. Nilidhani nimekosea nafasi ya mashimo, au nimechelewa kupalilia, au mizani imeharibika. Niliijaribu mizani kwa kilo ya sukari kutoka dukani, nayo ilikuwa nzima.

Jumapili moja nilimwaga yote mbele ya Fidelis, tukiwa tumekaa uani baada ya kula. Alizichukua hesabu zangu chumbani kwake, akatoka alasiri. "Namba zako nzuri," alisema.

"Basi za Dokta mbovu?"

"Sijaziona za Dokta. Nimeona wastani tu kwenye ripoti. Kaombe zile za mwanzo kabisa, alizoandika shambani."

"Nimwombe nini? Nimwambie ninamkagua?"

Fidelis akasema lile nililokuwa naliogopa. "Dorkasi, wapo watu wanaopika takwimu. Siyo lazima awe mtu mbaya. Anakuwa na hakika na jibu, anaona namba zinachelewa kufika, anazisaidia."

Hawa, aliyekuwa anachambua mchele, aliinua kichwa. "Na kama amepika?"

"Basi vijiji vyote vile vitaacha mbegu inayowalisha, vitapanda maneno."

Kila aliyeishi uwanda ule anajua maana ya msimu mmoja kuharibika. Ghala la familia ni kitu cha kuchungulia ndani ukaona mwisho wake. Wale waliokuwa wamenikopesha viwanja nilishakula nyumbani kwao, nilijua watoto wao kwa majina. Lakini lililoniuma zaidi, nikisema kweli, lilikuwa Dokta Yohana. Sikutaka awe mtu wa namna ile.

Nilikwenda ofisini kwake, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamweleza matokeo yangu. Akavua miwani, akaanza kuisafisha, na safari hii aliisafisha mpaka nikadhani kioo kitapasuka. "Unataka kuniambia nimekosea?" aliuliza.

"Hapana, Dokta. Nataka kulinganisha. Naomba vipimo vya mwanzo, vile vya shambani."

"Unavitaka vya msimu gani?"

"Wowote, Dokta."

Akainuka, akafungua kabati, akanibebesha mafaili yote mpaka kidevuni. "Usichague," alisema. "Chukua yote." Halafu akanigeuzia mgongo, akatazama nje. Kwa majuma yaliyofuata hakunisemesha zaidi ya salamu. Kwenye mikutano aliniruka kama kiti kitupu. Wenzangu waliniuliza nimefanya nini, na mmoja alinishauri nikaombe radhi kabla sijahamishiwa mahali pasipo na maji.

Fidelis alifanya kazi ile kila alipotoka ofisini kwake, na mimi nilikuwa nikimpelekea chai huku nikiogopa kuuliza. Siku alipomaliza alituita wote wawili chumbani. "Kaeni," alisema. "Takwimu za kupikwa zinapendeza mno. Zinalingana, hazina aibu. Hizi za Dokta zina aibu tele." Alisoma kwa sauti. Mstari mmoja umeliwa na mbuzi. Kona moja imefurika. Msimu mmoja mbegu mpya imeshindwa upande wa mashariki, na yeye ameandika hivyo hivyo, imeshindwa, sijui kwa nini. "Mtu anayepika hawezi kuweka mbuzi," Fidelis alisema. "Huyu mzee ni mkweli. Na tofauti aliyoipata siyo ya kubahatisha, ipo."

Nilihisi kama mtu aliyeshushwa mzigo wa kuni kichwani. Nilikaa sakafuni. Hawa akanipigapiga mgongoni, akasema kitu cha kwao kwa Kidigo, nami sikuhitaji kutafsiriwa. Lakini raha ile ilikuwa nusu. Kama namba zake ni za kweli na zangu ni za kweli, basi kuna kitu hatukijui, na mvua hazitatusubiri tukijue. Fidelis alikiri kwamba yeye hapo ndipo amefika. "Namba zinaniambia tofauti ipo," alisema. "Haziniambii imetoka wapi."

Jibu lilipitia ukutani. Nilikuwa jikoni natwanga karanga za kutia kwenye mboga, Hawa yuko chumbani kwake na kaseti zake za Kongwa. Bibi mmoja alikuwa anazungumza, Kiswahili chake kimejaa Kigogo, anaeleza jinsi Waingereza walivyokuja na matrekta na watu wakasogezwa. Sikuwa nasikiliza kwa makini. Kisha sauti ikasema, "Zizi la baba mkwe lilikuwa pale pale, kwenye mtama wa huyu Dokta wa serikali. Ng'ombe wengi. Mimi mwali nimekamua pale." Nikaacha mchi ndani ya kinu. Hawa alikuwa amekwishasimamisha kaseti, na nilipoingia alikuwa ananitazama mlangoni, kalamu mkononi. Alikuwa ameisikia mara kadhaa bila kuitilia maanani, kwa sababu yeye alikuwa anatafuta habari za karanga.

"Rudisha nyuma," nilimwambia. "Palipolala ng'ombe miaka, udongo umeshiba samadi."

Fidelis aliporudi tulimrukia wote wawili. Yeye akavua viatu kwanza. "Bibi mmoja," alisema, "kumbukumbu ya ujana wake. Huo siyo ushahidi."

"Ndiyo maana siulizi bibi mmoja," Hawa akajibu, na kwa mara ya kwanza niliona kazi yake ilivyo. Alikuwa na wazee wengine wawili waliowahi kupataja mahali pale. Mmoja alisema zizi lilikuwa ng'ambo ya korongo. Mwingine alisema palikuwa karakana ya matrekta, hapajawahi kuwa na ng'ombe. Hawa hakuchagua aliyempendeza. Alijiuliza nani alikuwa na sababu ya kupajua. Yule wa korongo alihamia pale akiwa mtu mzima. Yule wa karakana alikuwa fundi, na Hawa alipomwendea tena juma lile akamtaka aoneshe kwa mkono, fundi alionesha upande mwingine kabisa. Bibi alikuwa ameolewa kwenye boma lile na kukamua kila asubuhi. "Bado anaweza kukosea," Hawa alisema aliporudi na vumbi lake. "Kwa hiyo twende tukachimbe."

Fidelis alicheka. "Sasa unaongea lugha yangu."

Ilibidi nimwambie Dokta. Nilimkuta kwenye korido, nikasema yote kwa pumzi moja, ya zizi, ya bibi, ya korongo, ili asipate nafasi ya kunikatiza. Hakunikatiza. Alisafisha miwani, akaniuliza, "Nani mwingine umemwambia?"

"Wenzangu wawili wa nyumbani tu, Dokta. Kazini nimekuja kwako kwanza."

"Jumamosi tutakwenda. Waite na hao wenzako."

Tulikwenda kwa gari la ofisi, watu wanne, mpaka Kongwa. Tulichimba nje ya uzio wa shamba kwanza, udongo ukatoka mwekundu na mgumu, kama ule wa viwanja vyangu. Ndani ya uzio, chini ya tabaka la juu lililolimwa, jembe la Fidelis liliingia kwa urahisi, na kilichotoka kilikuwa cheusi, laini, chenye vipande vya samadi iliyozeeka ikawa kama unga wa kahawa. Tukachimba tena pembeni, tukapata hicho hicho. Upande wa mashariki, ule alioandika imeshindwa sijui kwa nini, wekundu ulirudi. Dokta Yohana alipiga magoti na suruali yake ya kazini, akauchukua udongo ule, akausaga kwenye kiganja, akaunusa. Hawa alinishika mkono.

"Miaka yote hii," Dokta alisema mwishowe, "nimelima zizi la watu." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na nikatamani ardhi inimeze. Alikuwa anacheka. Alicheka akiwa amepiga magoti, miwani imemshuka puani, mpaka Fidelis naye akashindwa kujizuia. "Na mimi mtoto wa hapa! Nimezaliwa hapa!" alisema. Aliposimama alinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya mafaili. "Chukua sampuli za ndani na za nje. Tuzipime vizuri. Wasije wakasema tumenusa."

Vipimo vya maabara vilithibitisha. Mbegu mpya ilikuwa mbegu nzuri, ila ilitaka udongo ulioshiba, na udongo ulioshiba watu wengi hawana. Kwenye ardhi iliyochoka lugugu lilivumilia, ile mpya ikasinyaa. Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko kuchimba. Mbegu zilishajaa ghalani, na kuna mkubwa mmoja aliyekuwa amekwisha kuitangaza mipango ile kwa mbwembwe. Dokta alikwenda kumwona mwenyewe, hakumtuma mtu. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje na karatasi zangu ikiwa nitaitwa. Mlango haukuziba sauti. "Unataka nionekane mjinga?" mkubwa alifoka. Nikamsikia Dokta, kwa sauti ile ile ya upole, "Hapana, mheshimiwa. Mjinga nitakuwa mimi, na nitasema hivyo mbele ya watu. Ila mvua zikishanyesha hatutakuwa na la kurekebisha." Kisha kiti kikaburutwa, na mkubwa akasema kwa kuchoka, "Haya, niambie tufanyeje."

Walikubaliana kwamba hakuna atakayeambiwa aache mbegu yake. Kila kaya itapewa kiasi kidogo cha ile mpya, ipandwe pembeni, karibu na zizi au mahali palipotiwa samadi, na sisi tutarudi kuangalia. Nikiwaza sasa, sidhani kama nimewahi kuona utafiti uliofanywa vizuri kuliko ule, na ulianza kwa kukosea. Namba zilituzuia tusimsingizie mtu mkweli. Kaseti zilituambia tuchimbe wapi. Jembe na maabara vilituambia kama kaseti zinasema kweli. Baadaye nilifanya kazi na watu wa fani nyingi, waganga, wachumi, wanasheria, na kila mmoja ana mahali pake pa kuteleza asipopaona. Aliye jirani yake anapaona haraka, akiruhusiwa kusema.

Mkutano ulifanyika kijijini, mawingu yameanza kujikusanya upande wa Mpwapwa. Dokta alisimama mbele ya watu wa kwao. "Mbukwenyi!" alisalimu, wakaitikia. Akawaeleza kwa Kigogo na Kiswahili kwamba mtama aliousifu aliuotesha kwenye zizi la zamani bila kujua, kwamba aliwaambia jambo lisilokamilika, na kwamba anawaomba wasiliache lugugu. Nilikuwa nimekaa nyuma na akina mama. Nilitegemea miguno, au mtu ainuke amtukane. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ndiye aliyenyoosha mkono.

"Dokta, hiyo mbegu ndogo nikiiweka kwenye samadi ya mbuzi, inakubali au inataka ya ng'ombe tu?"

Dokta Yohana akanyoosha shingo. Akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. "Dorkasi," aliita, "tumejaribu ya mbuzi?"

"Hatujajaribu, Dokta," nilijibu.

"Hatujui, mama," akamwambia. "Msimu huu tujaribu pamoja na wewe."

Mama yule akatikisa kichwa kukubali, akamweka sawa mtoto mgongoni, akaja kupanga foleni ya mbegu. Wengine wakamfuata. Nilikwenda mezani, nikachukua kikombe cha kupimia, nikaanza kugawa.